Daftari la Msoma Njia

Kulia tatu, mita themanini, korongo kavu, usikate.
Hivyo ndivyo nilivyozungumza na Nehemia Chilewa
kwa miaka kumi na tisa,
sauti yangu ndani ya kofia yake.
Mengine, karo, mke aliyenuna, mvua iliyogoma,
tuliyaacha nje ya mlango uliofungwa kwa waya.

Gari la kwanza lilikuwa Datsun ya kasisi mstaafu wa Mpwapwa.
Alitukodisha kwa sharti moja: tusishindane Jumapili.
Mashindano yote huwa Jumapili.
Kasisi alijua. Alipokea kodi Jumatatu
na kutuuliza habari za ibada.

Matairi tulinunua kwa wenye nazo, wakishayachoka,
tukayachonga meno upya kwa kisu cha moto
nyuma ya gereji, Chang'ombe.
Wenzetu walikuja na fundi kwa kila gurudumu.
Sisi tulikuwa na Matika, dada yake Nehemia,
aliyekaza nati kwa mkono mmoja
na wa pili akitafuna karanga.

Wa tisa. Wa saba. Wa kumi na mbili.
Hatukumaliza: giaboksi.
Wa saba tena.
Hatukumaliza: ng'ombe, na mwenye ng'ombe.
Wa sita, na kikombe cha rangi ya dhahabu
kilichobabuka kabla hatujafika Kibaigwa.

Gazeti liliwataja watatu wa kwanza, kisha likaandika "na wengineo".
Nehemia alilikata neno hilo kwa wembe,
akalibandika juu ya usukani.
"Ukoo wangu huo," alisema.
"Mkubwa. Una watu kila mahali."

Usiniulize habari za Gulwe.

Haya, niulize.
Tulikuwa mbele kwa sekunde kumi na moja.
Mbele! Vumbi lote lilikuwa letu, tunawaachia wengine.
Unaijua hewa isiyo na vumbi la mwenzio?
Ina ladha ya maji ya mtungi.
Nikasoma: kushoto mbili, inafunguka, reli.
Na juu ya reli, treni ya mizigo,
inatembea kama mtu aliyesahau alichotumwa.
Nilihesabu mabehewa arobaini na moja.
Saa ya waandaaji haikuhesabu hata moja.
Nehemia alizima injini, akashusha kioo,
akampungia mkono mlinzi wa behewa la mwisho,
naye, maskini, akatupungia bendera ya kijani.

Wa nne.

Hakuwahi kuiota tena Gulwe, aliniambia.
Mimi naiota. Katika ndoto mabehewa hayaishi.

Siku hizi anaendesha boza la maji, Hombolo hadi Ihumwa,
kwa mwendo wa harusi.
Mji umetanuka, ofisi zimehamia,
korongo letu la kulia tatu lina daraja na taa,
na hakuna anayejua kwamba hapo, mwaka ule wa njaa,
tuliruka na matairi manne hewani
na mtoto mmoja tu akapiga makofi.

Nami sukari imekula macho yangu.
Kila mwezi Nehemia ananipeleka kliniki, Mvumi.
Nakaa upande wangu, daftari mapajani,
sijui kwa nini nalibeba.
Njiani ndiye yeye anayesoma:

"Kushoto nne, ndefu.
Mita mia mbili, uwele umeanikwa kando, wanawake watatu,
mmoja anatutukana.
Tuta. Shika.
Kulia tano, mizabibu imepogolewa yote, imebaki mifupa.
Nyoosha. Nyoosha. Nyoosha."

"Wa ngapi sisi?" namuuliza.

"Mbele hakuna mtu," anasema,
na anabadilisha gia taratibu, kama mwizi,
wakati nalitafuna, punje kwa punje,
vumbi la lori lililotutangulia.